Uraibu wa Nani?

Shuleni tulifundishwa kwamba uraibu ni jambo ambalo mtu hupenda kulifanya akiwa na nafasi. Tukaandika insha. Uraibu wangu ni kusoma, uraibu wangu ni kuogelea, hata sisi ambao mto wa karibu ulikuwa na maji ya kufika magotini. Baadaye tukakua, tukawasha redio, na neno lilelile likawa linatajwa sambamba na dawa za kulevya, vijana waliopotea na vituo vya kurekebishia tabia. Maana zote mbili zinatumika kila siku na hakuna anayechanganyikiwa, manake tunajua ni ipi ya nani. Kwa upande wa pombe ya kupikwa nyumbani, kinachoamua ni mtaa unaokaa.

Mimi hupika bia. Naipikia jikoni kwangu, ghorofa ya tatu, kwa sufuria ya lita 30 juu ya meko ya gesi. Nina kipimajoto. Nina mtungi wa plastiki wa lita 20, ile ya maji ya kununua, na mpira mwembamba unaotoka kwenye kifuniko na kuishia ndani ya chupa ya maji, ili hewa itoke na vijidudu visiingie. Mgeni akiuliza kinachobubujika pale pembeni ni nini, namwambia. Hushangaa, hupiga picha, huuliza kama naweza kumfunza. Mlinzi wa geti anajua. Landilodi anajua, na ameonja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita mpika pombe. Mimi ni mtu mwenye hobi.

Tuko watu kama 12 wa aina yangu, na Jumamosi moja kila mwezi hukutana kwenye nyumba ya mmoja wetu, kila mtu na chupa zake. Ni watu wazuri, wengine ni marafiki zangu wa dhati. Katika kikao kimojawapo jamaa mmoja, mwerevu, mtu wa kuandika programu za kompyuta, aliinua glasi yake ya bia chungu ya hopsi, akaitazama kwenye mwanga, akasema: "Wasee, tuseme tu ukweli, hii ni sayansi. Hii si ile busaa ya ushago." Watu wakacheka. Haya ninayoandika ni jibu langu kwake na kwa wote waliocheka.

Tuanze basi na hiyo sayansi.

Nafaka ina wanga. Chachu haili wanga, inakula sukari. Kazi ya mpika bia popote duniani ni kuugeuza wanga kuwa sukari, na njia ya zamani zaidi ni kuidanganya mbegu ianze kuota. Mbegu ikiota hujitengenezea vimeng'enya vya kuvunja wanga ili mche upate chakula. Ukiikatiza safari hiyo kwa kuikausha, vimeng'enya vinabaki mle ndani vikisubiri maji. Mbegu hiyo ndiyo kimera. Sisi wa hobi tunanunua kimera cha shayiri kwa kilo, kikiwa kimeshaoteshwa na kukaushwa na mtu mwingine, mara nyingi ng'ambo. Tunakiloweka kwenye maji ya nyuzi 65 hivi kwa saa moja, tunachuja, tunachemsha na hopsi saa nyingine, tunapoza, tunamwaga chachu ya pakiti. Wiki mbili baadaye tunajaza chupa na kasukari kidogo ili iwe na gesi. Ukifuata maelekezo na ukaosha vyombo vizuri, huwezi kuharibu sana.

Sasa mwangalie mpika busaa. Kimera hanunui, anakitengeneza. Wimbi analiloweka usiku kucha, analitandaza, analifunika kwa gunia lenye unyevu siku tatu hivi hadi vimizizi vyeupe vichomoze na kushikana kama zulia, analianika, analisaga. Pembeni ana unga wa mahindi aliouchanganya na maji na kuuacha siku kadhaa hadi uwe na ukali wa maziwa lala. Unga huo anaukaanga. Anaweka bati pana juu ya moto wa kuni na kuugeuza kwa koleo, moshi ukimwingia machoni, mpaka uwe chembechembe za kahawia zenye harufu ya mkate uliobabuka. Kila hatua ina sababu. Ule uchachu wa mwanzo unawafukuza vijidudu wabaya kabla pombe haijaanza. Ule moto unaupika wanga ili vimeng'enya vya wimbi viuvunje bila taabu, na ndio unaoipa busaa rangi na ladha yake. Kisha maji, kimera, pipa, kusubiri siku mbili tatu, kuchuja. Kipimajoto hana. Anaweka kiganja ubavuni mwa pipa, anainamisha sikio kusikiliza mapovu, na anajua.

Hiyo ni michachuko miwili katika pombe moja, wa asidi na wa kileo. Ubelgiji wana bia zao za asili ambazo huachwa wazi zichachushwe na vijidudu vya hewani, na yule jamaa wetu wa programu atalipa pesa za chakula cha wiki kwa chupa moja, ausifu ukali wake, aieleze kama mtu anayeeleza ndoto. Sawa, hata mimi nazipenda. Lakini busaa ni ya ukoo huohuo, bia hai, yenye mchachuko mchanganyiko, isiyochujwa hadi ikaisha utamu. Ingekuwa na lebo yenye picha ya nyumba ya watawa, tungepanga foleni.

Na sijagusa muratina. Wakikuyu waliweka chachu yao ndani ya tunda la mti wa mvungunya. Tunda linakatwa, linakaushwa, linatiwa kwenye maji ya asali au ya miwa, na pombe ikiisha vipande vinatolewa, vinaanikwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya mara ijayo. Chachu inalala mle ndani ya nyuzinyuzi za tunda. Sisi tunanunua chachu ya pakiti na kuiweka kwenye friji, halafu tunamwita mwenye tunda mshamba.

Senje wangu amepika busaa hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka 20, katika mtaa nisioutaja kwa sababu bado anaishi huko. Binamu zangu watatu wamesomeshwa na lile pipa. Mmoja ni mwalimu sasa, na hapendi sana habari hii iongelewe. Mwaka juzi, wiki ileile ambayo jikoni kwangu palikuwa na lita 20 za bia nyeusi, askari waliingia kwake saa kumi na moja alfajiri. Walimwaga mapipa mawili kwenye mtaro, wakalikata moja kwa shoka, wakamchukua na kanga yake na slipa. Nilipofika kituoni karao mmoja wa rika langu aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa, akasema, "Boss, mtu kama wewe, mbona unaachia mathe anapika pombe?"

Yule kijana hakuwa mkatili. Alinitazama viatu na kuona mtu asiyepika pombe. Kumbe nilikuwa na pombe nyingi nyumbani kuliko iliyobaki kwa senje, na hata ningemwambia nadhani angeniuliza ladha yake.

Senje mwenyewe alishaionja yangu. Alikunywa mafunda mawili, akaweka glasi chini. "Mwanangu, uchungu huu wote ni wa nini? Nani amekukosea?"

Kuna watakaosema sheria ni sheria, na senje alikuwa anauza bila leseni. Haya, tuiangalie hiyo sheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo watu bado wanaiita ya Mututho, inakataza mtu kutengeneza kileo au kukiuza bila leseni. Kutengeneza. Haijasema isipokuwa kama ana ndevu zilizochongwa na kipimajoto cha dijitali. Kwa maandishi, mimi na senje tumesimama upande mmoja wa mstari. Ila sijawahi kusikia kikosi kikipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu alfajiri kukata mtungi wa hobi kwa shoka.

Na sheria hiyohiyo ndiyo iliyoondoa marufuku ya chang'aa iliyokuwapo tangu 1980. Kwa hiyo kwenye karatasi mlango uko wazi: lipia, pima, pakia, weka lebo, uza. Lakini mlango wenyewe ulichongwa kwa kipimo cha kiwanda. Mwanamke mwenye mapipa mawili nyuma ya nyumba ya mabati ya kupanga hawezi kupita hapo hata akijikunja. Hawezi kuwa na maabara, hana hati ya kiwanja. Halafu tunamwambia amekataa kufuata sheria.

Jambo hili halikuanza na Mututho wala na Moi. Katika miaka ya 1920 wakuu wa Nairobi ya kikoloni walipiga marufuku wanawake Waafrika kupika pombe mjini, kisha wakafungua ukumbi wao wa pombe kule Pumwani, wakapika tembo wenyewe na kuwauzia Waafrika haohao. Faida ilitumika kugharimia mambo ya "wenyeji", yaani mtu alilipia huduma zake kwa kulewa mahali alipoelekezwa. Mwanamke aliyepika chumbani kwake alikuwa mshindani, na mshindani akaitwa mhalifu. Muongo huohuo, mwaka 1922, ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Ruaraka, na George alipouawa na tembo akiwinda mwaka uliofuata, bia ikapewa jina la mnyama huyo. Hadithi hii tunaipenda. Tunawasimulia wageni. Wanaume wawili wanaojaribu kupika bia mahali ambapo hawajui maji yake yakoje ni hadithi ya ujasiri. Wale wa Pumwani, waliokuwa wakijua kazi tangu wakiwa wasichana, wamebaki kwenye kumbukumbu za mahakama.

Sogea hadi 2004. Inatoka bia ya bei nafuu ya pipa, Senator, iliyotengenezwa kwa nafaka za humu nchini, baadaye mtama kwa wingi, na serikali inaipunguzia ushuru. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri: maskini akipata bia salama kwa bei anayoimudu, ataacha vitu vya kumuua. Na nakubali. Mwaka 2013 ushuru uliporudishwa kwa sehemu kubwa mauzo yaliporomoka, watu wakarudi gizani, na baadaye unafuu ukarejeshwa. Kwa hiyo tunajua, na serikali inajua, kwamba bia hafifu ya nafaka ikipatikana kwa urahisi inaokoa watu. Sasa niambie: busaa ni nini kama si bia hafifu ya nafaka inayopatikana kwa urahisi? Kwa nini mtama ukiwa Ruaraka ni sera ya afya na wimbi likiwa kwa senje ni kesi?

Najua jibu linalokuja. Watu walikufa. Ndiyo, walikufa. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Mei 2014 makumi walikufa katika kaunti kadhaa ndani ya siku chache, wengine wakapofuka. Simchezei mtu yeyote aliyezika ndugu wakati huo. Lakini kilichowaua tunakijua kwa jina, ni methanoli. Methanoli ni kemikali ya viwandani, ya kutengenezea rangi na gundi na viyeyusho, na huingia kwenye pombe kwa sababu kuna mtu aliyeinunua kwenye dramu na kuimimina humo. Pipa la mahindi na wimbi haliwezi kutengeneza kiwango cha kuua hata ukilisahau mwezi mzima. Litachacha tu liwe siki.

Na hapa ndipo msako unaponitia hasira kuliko kitu kingine, manake unazidisha kilekile unachodai kukiondoa. Busaa inachukua zaidi ya wiki kuandaliwa. Ni nzito, inanuka mtaa mzima, haifichiki chini ya kitanda, na lazima inyweke siku mbili tatu la sivyo inaharibika. Askari wakianza kuzunguka, ya kwanza kufa ni hiyo. Anayebaki sokoni ni mwenye kitu kidogo, kikali, kinachoingia kwenye chupa ya maji na mfuko wa koti. Huyo naye, akikosa kangara ya kutosha ya kukeneka, ananunua dramu. Tumefukuza bia ya kunywa kwa mirija, watu wakiwa wamekaa wanaongea, tukaacha ile ya kumezwa mara moja kwa kuvizia. Halafu tunashangaa vijana wanaanguka.

Wengine hawajali kemia, wanajali familia. Mama aliyepigwa. Karo iliyonyweka. Hao siwezi kuwajibu kwa haraka, na sitaki kujifanya. Baba mdogo wangu aliuawa na pombe, pole pole, kwa miaka tisa. Ilikuwa ya chupa, yenye stempu ya ushuru, iliyonunuliwa dukani mchana kweupe. Pombe huharibu watu, na bia yangu pia ni pombe. Anayetaka isiwepo kabisa nchini, ya Ruaraka, ya kwangu na ya senje, ana hoja yenye ncha zote mbili na namheshimu. Ninayemkataa ni yule anayehubiri juu ya ulevi huku amekaa kwenye baa yenye taa za manjano na menyu ya ubao.

Kwingine wameshapita hapa. Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963, ukawa mwisho wa hayo. Marekani, Rais Carter alitia sahihi sheria mwaka 1978 iliyomruhusu mtu mzima kupika galoni 100 kwa mwaka kwa matumizi ya nyumbani, 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, bila ushuru. Bia hizo ndogondogo za Marekani tunazoiga sisi, hadi fonti za lebo, nyingi zilianzia kwenye majiko ya watu waliopewa ruhusa hiyo. Wala si lazima tuvuke bahari. Panda basi la Kampala ukawaone Wateso wamekaa kuzunguka chungu cha ajono, mirija mirefu mdomoni, kila mtu amelipia nafasi yake. Vuka Taveta uende Kilimanjaro ukaulize mbege ya ndizi na wimbi inauzwa wapi. Utaonyeshwa kwa kidole.

Sasa kundi letu nalo limeamka. Miezi miwili iliyopita mmoja wetu, wakili, aliandika rasimu ya ombi la kupelekwa bungeni: mtu mzima aruhusiwe kupika bia nyumbani kwake kwa matumizi yake mwenyewe, kwa kiasi maalumu, bila kuuza. Ni rasimu safi, imetaja Uingereza na Marekani, ina takwimu za vifaa na bei. Nilikuwa tayari kutia sahihi hadi nilipofika kifungu cha nne. Kinasema ombi hili "halihusu pombe za kienyeji".

Nilipouliza, nikaambiwa ni mbinu. Wabunge wakisikia busaa wataogopa, tuingie kwanza sisi halafu wengine watafuata. Hii "halafu" naijua. Ni ileile ya Pumwani. Hata bila kifungu hicho, ombi lenyewe linaniokoa mimi na kumwacha senje palepale, kwa sababu mimi sihitaji kuuza. Nina mshahara. Kupika kwa kujifurahisha bila kuuza ni starehe ya mtu ambaye karo imeshalipwa. Ukisema "bila kuuza" na ukaishia hapo, umechora mstari unaopita katikati ya familia yangu.

Ninachotaka si kigumu. Kupika bia kwa kuchachusha nafaka, asali, miwa au matunda iwe ruhusa kwa mtu mzima yeyote nyumbani kwake. Kukeneka kuwe na kanuni zake, manake ule ni moto na mvuke wa kileo ndani ya nyumba za mbao, na ndiko methanoli hujificha. Na anayeuza kwa pipa apewe kibali cha kaunti, kwa bei ambayo mtu wa pipa anaweza kulipa, kama anavyopewa mwenye kibanda cha chapati: aende apimwe afya, maji yake yakaguliwe, afisa wa afya apite bila shoka mkononi. Tukishindwa kumkagua senje mchana akiwa na cheti ukutani, tusidanganyane kwamba tunaweza kumdhibiti alfajiri.

Yule jamaa wa programu ameniambia naleta siasa kwenye hobi. Wakili amesema atafikiria. Wawili wameniandikia kando wakisema wako nami lakini wasingependa kulisema kwenye kundi. Mmoja ameuliza kama senje anaweza kuja Jumamosi atuonyeshe jinsi ya kuotesha wimbi, na nimemjibu kwamba anaweza, siku yake ni elfu tano pamoja na nauli, kama tulivyomlipa yule mtaalamu wa hopsi.

Rasimu bado iko wazi hadi mwisho wa mwezi. Kifungu cha nne kikibaki kilivyo, msiweke jina langu.